Tundu la Taifa

Kulikuwa na nchi moja. Msiniulize iko wapi, maana mara ya mwisho nilipoitaja kwa jina, nchi tatu nyingine zililalamika kwamba nimezisema zenyewe. Itoshe kujua kwamba ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa, mawaziri wengi na barabara moja nzuri sana iliyotoka Ikulu kwenda uwanja wa ndege. Watu wake walikuwa wapole, na serikali iliwapenda mno, hasa walipokuwa wamenyamaza.

Mwaka mmoja hazina ya nchi hiyo ilifunguliwa, wakakuta ndani panya mmoja tu, naye amekonda. Mtukufu Rais akaitisha Baraza. Baraza lilikaa wiki nzima kwenye hoteli ya ufukweni, kwa kuwa ukumbi wake ulikuwa ukibadilishwa mazulia, na mwishowe likatoa tamko kwamba huo utakuwa Mwaka wa Kubana Matumizi. Tamko hilo likasherehekewa kwa fataki, ng'ombe wa kuchoma na bendi mbili.

"Maskini wetu hawahitaji kufundishwa kubana," Mtukufu Rais alisema siku hiyo, akipangusa mafuta mdomoni. "Wao wamebobea, nami nawapongeza kwa dhati. Tatizo ni matajiri. Tajiri wa nchi hii hajui kubana hata kidogo. Ni lazima afundishwe!"

Matajiri walipiga makofi, kisha wakatazamana. Ni kweli, hawakujua. Na msidhani hawakujaribu. Mmoja aliuza gari lake la tano, akashikwa na upweke mkubwa hata ikabidi anunue la sita la kumliwaza. Mwingine alipunguza kijiko kimoja cha sukari katika chai yake, akaalika waandishi wa habari waje waone. Ndipo Wizara mpya ya Ubanaji, chini ya Mheshimiwa Dokta Luhende, ikatuma ujumbe mkubwa kwenda ng'ambo kujifunza jinsi matajiri wa huko wanavyobana. Ujumbe ulirudi baada ya miezi kadhaa, wote wamenawiri, na masanduku yao yamezaana. Ripoti yao ilikuwa na pendekezo moja: atafutwe hapahapa nchini tajiri mmoja mbanaji wa kweli, awe kielelezo kwa wenzake.

Hadithi yetu lakini si ya Rais wala ya Waziri. Ni ya Bi. Mashavu, ambaye alikuwa akilala kitanda kimoja na tajiri huyo, na kwa bahati mbaya alikuwa akilala upande wa ukutani.

*

Mume wa Bi. Mashavu alikuwa Mzee Shomvi. Alikuwa na kiwanda cha sabuni, mashine za kukoboa mpunga, na maduka yote ya Mtaa wa Soko, ule upande wenye kivuli. Lakini mkono wake ulikuwa mkono wa birika. Kandambili zake zilikuwa zimefungwa kwa waya wa shaba. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa aliyaanika uani, yapikwe tena. Methali aliyoijua ilikuwa moja tu, akiba haiozi, na aliitumia popote, hata matangani.

Sasa, juu ya kitanda cha watu hawa wawili paa lilikuwa na tundu. Lilianza likiwa tundu la msumari, wakati binti yao Sikudhani bado ananyonya. Sikudhani akakua, akaolewa mji wa mbali, akapata watoto wake, na tundu nalo halikukaa bure, likakua pamoja naye. Lilivuja upande wa ukutani.

Kila mwaka Bi. Mashavu alilisema, na kila mwaka alipewa jibu ambalo, tuseme kweli, halikuwa na pa kulishika.

"Mama Sikudhani, mvua inanyesha hainyeshi?"

"Inanyesha."

"Sasa fundi atapandaje juu ya bati linaloteleza? Unataka aanguke, tumlipie na sanda?"

Jua likiwaka, Bi. Mashavu alirudi tena.

"Mama Sikudhani, linavuja sasa hivi?"

"Sasa hivi halivuji."

"Basi unataka tuzibe nini?"

Hivyo Bi. Mashavu alijifunza kulala amekumbatia beseni. Beseni lilipokea maji mengi, na yaliyoruka beseni aliyapokea yeye begani. Majirani walipomwona sokoni walimwita mke wa tajiri, na yeye aliitika, maana alikuwa mtu wa adabu.

Masika ya mwaka huo maji yalizidi unga. Bi. Mashavu alipata homa ya mapafu, akakohoa hadi jirani akaacha kusikiliza redio. Daktari akamwambia wazi mbele ya mumewe: masika nyingine ya kulowa namna hii, mama huyu hatoki. Sikudhani naye akaja kwa basi, macho mekundu. Alimjua baba yake vizuri, kwa hiyo hakumwambia habari za huruma.

"Baba," alisema, "mama akifa utataka kuoa tena. Huyo mwingine atataka mahari, atataka fungate, atataka na godoro jipya. Kaa kitako upige hesabu mwenyewe."

Mzee Shomvi alikaa kitako. Aliponyanyuka uso ulikuwa umemparara. Akaagiza aitwe Fundi Chande, aje Jumamosi na bati moja.

Bi. Mashavu alifurahi hata akajionea haya. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, amelala kitandani anatabasamu kwa ajili ya bati! Alihesabu siku kama mtoto anayengoja Idi, na Alhamisi ikafika bila kikwazo.

Ijumaa ulikuja msafara wa Waziri.

*

Magari yalikuwa mengi kiasi kwamba la kwanza lilipofika mlangoni kwa Mzee Shomvi, la mwisho lilikuwa bado linatoka Wizarani. Mheshimiwa Dokta Luhende aliingia ndani na wataalamu wake na waandishi wa habari. Walizigusa kandambili za waya kwa vidole viwili. Walisimama uani mbele ya majani ya chai yaliyoanikwa, wakavua kofia. Kisha wakaingia chumbani, Waziri akainua macho, akaona kipande cha mbingu.

"Hiki nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tundu," alisema Bi. Mashavu kutoka kitandani. "Lakini msijali, kesho linazibwa."

Waziri hakumsikia. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Ndugu zangu!" aliwageukia waandishi. "Nimezunguka dunia nzima kuutafuta ubanaji. Nimelala hoteli moja baada ya nyingine nikiutafuta. Nimepanda ndege, nimepanda meli, nimepanda hata farasi. Kumbe ulikuwa hapa nyumbani, unadondoka! Huyu ni mtu mwenye uwezo wa kununua kiwanda cha mabati, anavujiwa! Anavujiwa kwa hiari! Matajiri wa nchi hii, mko wapi?"

Papo hapo Mzee Shomvi akatangazwa kuwa Kielelezo cha Taifa cha Ubanaji. Tundu nalo likatangazwa kuwa urithi wa taifa, na yeyote atakayeliziba atahesabiwa kuwa mfujaji na mhujumu. Jumamosi asubuhi Fundi Chande alipotokea na bati lake kichwani, askari wawili walimrudisha alikotoka, tena wakamwambia ashukuru Mungu.

"Sasa mimi nilale wapi?" Bi. Mashavu aliuliza.

"Palepale, mama," Waziri alimjibu kwa upole. "Historia haihamishwi."

Bi. Mashavu alimtazama mumewe. Alikuwa na hakika angesema neno. Mzee Shomvi alikuwa akitazama nje, mahali ambapo watu walikuwa wamejaa uani wakilitaja jina lake. Tangu azaliwe watu walikuwa wakimsalimia kwa sababu ya kodi ya pango. Leo walikuwa wakimshangilia, na hakuna aliyekuwa na deni naye. Kichwa kilimvimba, naye alikuwa hajawahi kuwa na ugonjwa huo, kwa hiyo hakujua dawa yake. Hakusema neno. Bi. Mashavu aligeukia ukuta akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

*

Tundu halikuachwa hivihivi. Serikali haikuwa ya namna hiyo. Ilifunguliwa Ofisi ya Tundu kando ya nyumba, yenye ghorofa moja na paa zuri la vigae, na akaletwa Msimamizi Mkuu wa Tone, kijana nadhifu aliyeitwa Bwana Nyangasa. Alikuja na makarani, madereva, mpishi, na mtu mmoja ambaye kazi yake hakuna aliyeijua, ila alikuwa shemeji wa mtu.

Masika ikaisha, kiangazi kikaingia, na hapo ikazuka hatari ambayo wataalamu hawakuwa wameitazamia: tundu liliacha kuvuja. Wageni kutoka mikoani walifika, wakainua macho, wakaona jua tu. Wengine walinung'unika. Bwana Nyangasa aliandika Wizarani kwa wino mwekundu, na Wizara ikachukua hatua. Likaletwa gari la zimamoto, likaegeshwa nyuma ya nyumba, na kila asubuhi saa za wageni askari wa zimamoto walipanda ngazi wakamwagia paa maji mpaka tone likaanza kudondoka. Maji yenyewe yalitolewa kwenye bomba la mtaa. Kwa hiyo mabomba ya majirani yakakauka, na majirani wakawa wanapanga foleni chumbani kwa Bi. Mashavu kuchota maji chini ya uvungu. Nao walisaini kitabu cha wageni, wakahesabiwa kuwa watalii.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ilifutwa katika vitabu vya shule, kwa kuwa ilionekana kuchochea matumizi.

Huko mjini ubanaji ukawashika matajiri kama surua. Kandambili mpya zilidoda madukani, na zilizochakaa zikapanda bei. Matajiri waliwasimamisha wapagazi njiani wakazinunua zikiwa bado miguuni, wapagazi wakaenda zao wakajinunulia viatu vya ngozi. Washona nguo walikesha wakitia viraka kwenye suti ambazo hazijapata kuvaliwa. Bwana Mwinyikai, mwenye mahoteli, ndiye aliyewashinda wote. Alimleta mhandisi kutoka ng'ambo, akatoboa tundu kwenye paa la kasri lake, tundu la duara lenye kingo za fedha, linalofunguka na kufungwa kwa kubonyeza kitufe. Watu walisema ni zuri kuliko la Mzee Shomvi. Mzee Shomvi alipopata habari hiyo alikasirika siku nzima, akasema la kwake ni la asili.

Bi. Mashavu aliyaona yote hayo akiwa amekaa kibarazani, beseni limekauka mapajani, anamenya vitunguu. Alikuwa amepona, lakini kifua kilikuwa bado kinamkumbusha. Alijua kitu kimoja tu ambacho Wizara nzima ilikuwa imekisahau: masika itarudi.

*

Ikatangazwa kwamba Mtukufu Rais mwenyewe atakuja kulitembelea tundu, na hotuba yake itarushwa moja kwa moja redioni. Mzee Shomvi aliahidiwa barabara itakayoitwa kwa jina lake, na sanamu ya shaba, kandambili na waya wake vyote vionekane. Kwa siku hiyo kubwa itifaki ilitaka maonyesho kamili. Haitoshi tone kudondoka kwenye kitanda kitupu. Kielelezo awe amelala, tone limdondokee, taifa lione.

Bwana Nyangasa akaja kufanya mazoezi. "Mzee, lala mahali pako pa kila siku," alisema, na Mzee Shomvi akapanda akalala upande wa mlangoni. Zimamoto wakamwaga maji. Tone likadondoka, pa, upande wa pili.

Bwana Nyangasa alitazama tone. Akamtazama Mzee. Akaligeukia beseni, kisha akamgeukia Bi. Mashavu aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Samahani, mama. Upande huu hulala nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo miaka yote hii aliyekuwa akivujiwa ni wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Na Kielelezo?"

"Kielelezo alikuwa anakoroma."

Bwana Nyangasa alikuwa amesoma vyuo viwili, na akili yake ilikwenda mbio mahali ambapo hakutaka ifike. Ikiwa kubana ni kuvumilia, na aliyevumilia ni huyu, basi Kielelezo cha Taifa ni nani? Lakini alikuwa mtumishi mwaminifu, akaisimamisha akili yake kabla haijafika.

"Ni dosari ndogo ya mpangilio," alisema. "Badilishaneni."

Tangu siku hiyo, saa za mazoezi, Mzee Shomvi alilala upande wa ukutani. Siku ya kwanza alijikaza kisabuni. Alitabasamu, akawapungia wageni mkono, akasema akiba haiozi. Siku ya pili alitabasamu kidogo. Siku ya tatu tone lilipompiga begani aliruka kama aliyekanyaga siafu, na wageni walipotoka alibaki amekaa kitandani, shati limemgandama.

"Mama Sikudhani."

"Abee."

"Maji haya ni ya baridi."

"Ni ya baridi."

"Yanaingia mpaka kwenye mfupa. Huu wa hapa."

"Huo huo. Halafu yanashukia ubavuni."

"Yanashukia ubavuni, ndiyo!" alisema kwa mshangao wa mtu aliyegundua bahari. Kisha akamgeukia mkewe. "Mbona hukuniambia?"

Bi. Mashavu alikuwa akikunja nguo. Aliiweka chini ile aliyoishika.

"Nilikuambia, Baba Sikudhani. Nilikuambia masika, nikakuambia vuli. Ulinisikia vizuri kabisa, ila hukuwa umelowa."

Mzee Shomvi alipiga chafya. Jioni hiyo alikwenda Ofisi ya Tundu, na Bi. Mashavu, aliyekuwa akimfuata na shuka kavu, akasikia kila neno.

"Kijana, nataka kuliziba."

"Kuziba nini, Mzee?"

"Tundu langu."

"Si lako tena, Mzee. Tundu lina wafanyakazi kumi na mmoja. Ukiliziba, watoto wao wale nini?"

"Nitatoa fedha yangu mwenyewe."

Bwana Nyangasa alikimbia akafunga dirisha. "Mzee, usirudie neno hilo kwa sauti! Kielelezo anatoa fedha? Utavuliwa heshima yote. Barabara itakwenda, sanamu itakwenda. Vumilia. Rais akishaondoka, kila kitu kitarudi mahali pake. Wewe utarudi upande wako, na mama atarudi wake."

Bi. Mashavu alimtandazia Mzee Shomvi shuka mabegani. Ya kusema alikuwa ameyasema yote kwa miaka mingi, na sasa alikuwa hana la kuongeza. Lakini aliyakumbuka maneno ya daktari. Kwa daktari yale yalikuwa maneno ya kitabibu. Kwake yalikuwa na maana moja: imebaki masika moja tu, basi.

*

Siku ya Rais ilifika. Mtaa ulipakwa chokaa, hata mawe, hata mbuzi mmoja aliyesimama karibu. Mtukufu Rais aliingia chumbani na watu wengi kuliko kitanda, godoro na adabu vingeweza kustahimili, huku mlinzi akimshikia mwavuli mwekundu humo humo ndani. Mzee Shomvi alikuwa amelala upande wa ukutani, amevaa fulana yake ya miaka yote. Bi. Mashavu aliwekwa nyuma ya mlango, kwa kuwa hakuwamo kwenye ratiba.

Zimamoto wakamwaga maji. Tone likadondoka. Ukumbi, yaani chumba, ukashangilia.

"Ndugu wananchi," Mtukufu Rais alisema kwenye kipaza sauti, "mimi Rais wenu ninaona kwa macho yangu tone la maji likimwangukia mtu mwenye kiwanda. Hili si tone. Hii ni sera! Nchi zinazotucheka zije hapa zitazame. Kielelezo wetu, waambie wananchi wanaokusikiliza: siri ya ubanaji wako ni nini?"

Kipaza sauti kikashushwa mpaka kitandani. Mheshimiwa Dokta Luhende alikuwa amemwandikia jibu la kurasa mbili, na Mzee Shomvi alikuwa amelikariri. Alifungua mdomo. Tone likampiga mfupani. Akaufunga. Macho yake yalipita miguu ya mawaziri, mmoja baada ya mwingine, yakafika nyuma ya mlango, yakasimama kwa Bi. Mashavu.

"Mtukufu Rais," alisema, "siri ni ndogo. Nilimlaza mke wangu upande huu."

Watu walicheka kidogo, wakidhani utani utafuata.

"Ni hivyo tu," Mzee Shomvi aliendelea, akikaa. "Kila nilichobana nilimbania yeye. Mimi nililala pakavu. Akiba haiozi, nilisema, naye mapafu yalikuwa yanaoza. Nimelowa siku chache hizi kwa zamu, na nimeshindwa, Mtukufu. Nimeshindwa kabisa." Akainua sauti. "Fundi Chande! Uko hapo nje?"

"Nipo, Mzee!" sauti ikaitika kutoka kwenye umati.

"Panda juu. Nalipa mimi. Taslimu!"

Bi. Mashavu hakuwa amepata kusikia neno hilo likitoka katika kinywa kile.

"Zimeni redio!" alifoka Waziri. Lakini redio haikuzimwa, kwa sababu mtu aliyekuwa na kazi ya kuizima alikuwa amepunguzwa kazini katika kubana matumizi. Taifa zima likasikia Kielelezo akitoa fedha, likasikia Mtukufu Rais akisema neno ambalo sitaliandika, likasikia Mheshimiwa Dokta Luhende akisoma papo hapo tamko la kumvua Mzee Shomvi heshima zake zote kwa kosa la ufujaji wa wazi mbele ya Mkuu wa Nchi. Barabara ikaondolewa. Sanamu, iliyokuwa imefika kiunoni, ikaagizwa iyeyushwe. Nyumba ikafutwa kwenye urithi wa taifa.

Msafara ukageuza, ukaenda moja kwa moja kwa Bwana Mwinyikai, ambaye alikuwa tayari amebonyeza kitufe chake. Zimamoto wakakunja mpira wao wakaondoka. Bwana Nyangasa aliaga kwa heshima, akamwamkia Bi. Mashavu shikamoo, akasita kidogo kama mtu mwenye swali, kisha akapanda gari. Kabla ya magharibi maji yalikuwa yanatoka kwenye mabomba ya mtaa mzima.

*

Fundi Chande alishuka kutoka juu akijipangusa kutu.

"Mzee, bati moja halitoshi. Kule juu pamekwisha. Yanatakiwa mawili."

Mzee Shomvi alimeza mate. Ujasiri wa mchana ulikuwa umempungua, na mazoea ya umri mzima hayafi kwa hotuba moja. "Moja na nusu," alisema.

"Nusu haliuzwi, Mzee."

Bi. Mashavu alikuwa amekaa kibarazani. Hakukohoa kwa makusudi. Alimtazama tu.

"Haya, mawili," alisema Mzee Shomvi, na jasho likamtoka.

Paa likazibwa. Vuli ilipoingia, mvua ya kwanza ilishuka mchana, ikapiga bati kwa kelele kubwa. Bi. Mashavu aliingia chumbani akasimama katikati akiwa ameinua uso, akingoja. Hakuna kilichodondoka. Akalia wazi bila kujificha, na mumewe akasimama kando yake akijifanya anakagua misumari.

Redio ilikuwa ikisema. Mtangazaji alikuwa kasrini kwa Bwana Mwinyikai, Kielelezo mpya wa Taifa, akisimulia jinsi mvua inavyoingia kwa madaha kupitia zile kingo za fedha, na jinsi wageni wa heshima wanavyopiga makofi. Alisema kitufe kimeondolewa kwa amri ya Wizara, ili tundu lisifungwe tena kamwe.

Bi. Mashavu alijifuta machozi kwa upande wa kanga. "Baba Sikudhani," alisema, "hebu nikuulize. Pale kwa Mwinyikai, chini ya tundu wamemlaza nani?"

Mzee Shomvi alifikiri. Alimjua Mwinyikai tangu ujanani, na alimjua mke wake, Bi. Tausi, mwanamke mpole asiyeweza kupaza sauti. Akainamisha kichwa.

Bi. Mashavu alikwenda uani. Nusu ya lile bati la pili ilikuwa imeegemezwa ukutani, maana Mzee Shomvi alikuwa ameihifadhi akisema itafaa siku moja. Aliichukua, akaipangusa maji, akaikunja ndani ya mkeka isionekane. Alipogeuka akamkuta mumewe amesimama mlangoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa Tausi. Fundi Chande atapitia mlango wa nyuma."

Mzee Shomvi aliutazama ule mkeka. Mkono wake ukainuka, kama unaotaka kuurudisha mzigo ukutani, ukaishia hewani, kisha ukaingia mfukoni na kutoka na kifurushi kidogo cha karatasi alichokuwa amekifunga kwa uzi.

"Bati bila kitu cha kulishika litapeperuka," alisema. "Mpelekee na misumari."